Bekapu ya seva yenye RAID: picha nzima, nakala za mafaili, snapshoti au wingu?

Anayenunua seva ya diski nne huwa na swali moja kubwa dukani: diski moja ikifa, data zitabaki? Akijibiwa kwamba zitabaki, anaondoka akiamini habari ya bekapu imekwisha. Haijakwisha. RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, inakulinda na kufa kwa diski, basi, tena kwa idadi maalumu ya diski. Mtu akifuta folda ya mteja kwa bahati mbaya, imefutika kwenye diski zote nne papo hapo. Kirusi cha kudai fidia kikiyafunga mafaili, kimeyafunga kote. Umeme ukirudi kwa kishindo ukaondoka na pawa saplai pamoja na diski mbili, RAID 5, inayovumilia kufa kwa diski moja tu, haina la kukusaidia. Moto, mafuriko na wezi ni vivyo hivyo.

David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoiandika hoja ya RAID mwaka 1988, walitaka diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya bei ghali, na kazi isisimame mojawapo ikifa. Lengo lilikuwa kazi isisimame. Kukirudisha kilichopotea ni shughuli nyingine, inahitaji vifaa vingine na pesa nyingine.

Hapa nazilinganisha njia za kuchukua bekapu ya seva ya namna hiyo, na nitazipima kwa siku ya kurejesha. Karibu kila programu inanakili vizuri usiku. Tofauti zinaonekana asubuhi ofisi imesimama, wateja wanapiga simu, na wewe una diski mpya tupu mkononi.

Ili hesabu zisielee hewani, chukua seva moja ya Linux yenye diski nne za terabaiti 4 kwa RAID 5. Nafasi inayotumika ni terabaiti 12, na data zilizopo ni terabaiti 6. Mtandao wa ndani ni gigabiti 1 kwa sekunde, na laini ya intaneti inapakia megabiti 20 na kupakua megabiti 50 kwa sekunde. Studio ya video za harusi, ofisi ya wakadiriaji majenzi, hata zahanati yenye mashine ya eksirei, nyingi zina kitu kinachofanana na hiki.

Kwanza jua RAID yako inaendeshwa na nani

Inaweza kuendeshwa na kadi maalumu, kama PERC za Dell, Smart Array za HP au MegaRAID. Inaweza kuendeshwa na ubao mama kupitia bayosi, na hapo Intel Rapid Storage ndiyo inayojulikana zaidi. Au inaendeshwa na mfumo endeshi wenyewe: mdadm kwenye Linux, Storage Spaces kwenye Windows, ZFS kwenye TrueNAS na kwingineko.

Muuzaji atakwambia ya kadi ndiyo RAID ya kweli. Kwa upande wa kasi, hasa kadi ikiwa na betri ya kulinda kashe, hadanganyi. Kwa upande wa kurejesha, katika ofisi ndogo mimi naiweka mwisho. Kadi ikiungua diski zako ni nzima, lakini hazisomeki mpaka ipatikane kadi nyingine ya familia ile ile. Ikipatikana itaziona kama usanidi wa kigeni na kukuuliza iuingize au iufute, na hapo mkono ukiteleza umeumia. Kuipata kadi ya seva ya miaka minane iliyopita pale Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, ni bahati. Kuiagiza nje ni muda ambao ofisi haina mafaili.

Kwa mdadm, kila diski inabeba maelezo ya kundi lake la RAID. Chomoa zote nne, zichomeke kwenye kompyuta yoyote yenye Linux, andika `mdadm --assemble --scan`, na kundi linasimama, hata kama nyaya umezichanganya. RAID ya Intel nayo mdadm inaweza kuisoma, kwa hiyo ubao mama ukifa bado una mlango. Kama hujanunua bado, hili peke yake latosha kukuamulia.

Aina yoyote uliyonayo, kuna nakala ndogo ambayo watu wengi hawaichukui: nakala ya ramani ya kundi lenyewe. Hifadhi majibu ya `mdadm --detail --scan`, ya `mdadm --detail /dev/md0` na ya `lsblk`, pamoja na namba ya siriali ya kila diski na tundu ilipokaa. Bandika namba hiyo kwa lebo mbele ya kila trei, maana siku diski moja inapokufa, kosa linalouma kuliko yote ni kuchomoa iliyo nzima. Kama kundi limefungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski kwenye Linux), chukua pia kichwa chake kwa `cryptsetup luksHeaderBackup`. Kichwa hicho kikiharibika, hata nywila sahihi haifungui kitu. Vyote hivi havifiki megabaiti 20 kwa seva ya namna hii, na viwekwe mahali pasipo kwenye seva hiyo.

Kujenga upya si kurejesha

Diski moja ikifa, `/proc/mdstat` inaacha kuonyesha `[4/4] [UUUU]` na kuonyesha `[4/3] [UUU_]`. Kila U ni diski iliyo kazini, kistari ni iliyodondoka. Wengi hukimbilia kuchomeka diski mpya dakika hiyo hiyo. Nakusihi usubiri kidogo.

RAID 5 iliyobaki na diski tatu haina akiba yoyote. Kuijenga upya kunazilazimisha diski zote tatu zisomwe kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho. Diski ya terabaiti 4 inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde itachukua saa 7 na nusu hivi mambo yakienda vizuri kabisa, na watu wakiendelea na kazi zao juu yake inapita hapo mbali. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida hutaja kiwango cha makosa ya kusoma kuwa kisichozidi kosa moja katika biti trilioni 100, ambazo ni kama terabaiti 12.5. Wewe unakwenda kusoma 12. Kivitendo diski nyingi zinafanya vizuri kuliko kiwango hicho. Lakini hizi zimenunuliwa siku moja, zimekula joto moja na mikatiko ya umeme ile ile, na mzigo wa kujenga upya ndio huidondosha ya pili. Kwa hiyo hakikisha kwanza bekapu ya jana ipo na inasomeka, ndipo uchomeke diski mpya.

Hiyo mpya nayo iangalie isiwe ya aina ya SMR, ambayo huandika mistari ya data ikipandiana na hupooza kabisa wakati wa kujenga upya. Aprili 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizokuwa zikiuzwa kwa ajili ya NAS (kisanduku cha diski cha mtandao wa ndani), zilikuwa za aina hiyo. Jina la bidhaa halitoshi. Tafuta namba kamili ya modeli.

Kuna amri moja inayozagaa kama dawa ya kufufua kundi lililogoma: `mdadm --create`. Hiyo inaandika maelezo mapya juu ya yale ya zamani. Mpangilio wa diski ukikosewa, inaanza kukokotoa pariti, yaani data za ziada za kujengea upya diski iliyokufa, juu ya data zako. `--assemble` inakusanya kilichopo, `--create` inaanzisha upya. Mtu aliyechoka, saa nane za usiku, asiiguse ya pili. Diski ikiwa na sekta mbovu, inakiliwe nzima kwanza kwenye diski nyingine kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu), majaribio yote yafanyike kwenye nakala.

Picha nzima

Picha nzima ni kunakili kila kitu kama kilivyo: mfumo endeshi, programu, leseni, watumiaji, mipangilio ya printa. Uzuri wake ni kwamba siku ya kurejesha huhitaji kukumbuka chochote. Kwa seva ya Windows yenye programu ya uhasibu iliyosakinishwa na mtu aliyekwishahama mji, uzuri huo ni mkubwa mno.

Programu ya Clonezilla ni ya bure na inaaminika, lakini ina masharti yanayogongana na RAID kubwa. Sehemu unayoinakili lazima iwe haitumiki, maana yake seva izimwe. Haina bekapu ya mabadiliko pekee, hivyo kila safari ni terabaiti 6 zote. Kwa kawaida inataka diski unayorejeshea isiwe ndogo kuliko ya mwanzo. RAID ya bayosi nayo inaisumbua mpaka uingilie kwa mkono. Ukitumia amri ya `dd`, inanakili hata nafasi tupu: terabaiti 12 kwa megabaiti 150 kwa sekunde ni saa 22. Ofisi gani itazima seva kwa saa 22 kila wiki?

Zaidi ya hayo kuna mtego wa kupiga picha diski moja moja, `/dev/sda` kisha `/dev/sdb`, wakati kundi linafanya kazi. Picha ya kwanza ni ya saa mbili, ya nne ni ya saa kumi na mbili, na zikirudishwa hazilingani. Kinachopigwa picha ni kundi, yaani `/dev/md0`, si vipande vyake.

Kwenye Windows hali ni nafuu. Veeam Agent ina toleo la bure linalopiga picha seva ikiwa kazini, na baada ya picha ya kwanza linachukua mabadiliko tu. Shida yake hutokea siku ya kurejesha: unawasha kwa flashi ya uokoaji, halafu diski hazionekani kabisa, kwa sababu flashi haina draiva ya kadi ya RAID. Itengeneze flashi hiyo kwenye seva hiyo hiyo, ijumuishe draiva zake, kisha iwashe walau mara moja uone kama inaziona diski, leo, wakati bado hakuna haraka.

Kwenye Linux, picha ikirudishwa juu ya kundi jipya bado kuna kazi. Kundi jipya lina UUID (namba ya utambulisho) yake, hivyo `mdadm.conf` irekebishwe na `update-initramfs -u` iendeshwe kwa wanaotumia Debian na Ubuntu. Kama mfumo unawaka kutoka kwenye RAID 1 (diski pacha), GRUB, programu inayouwasha mfumo, iwekwe kwenye kila diski, la sivyo itakufa ile yenye GRUB na seva haitawaka ingawa pacha wake ni mzima.

Naipendekeza picha nzima kwa sehemu ya mfumo endeshi tu, ambayo mara nyingi haizidi gigabaiti mia moja. Kuizungushia data zote ni kujibebesha mzigo bure.

Nakala za mafaili: rsync kwa upande mmoja, restic na Borg kwa upande wa pili

Huu ndio ulinganisho wenye uzito kwa ofisi nyingi, nami nitakaa hapa kidogo.

rsync, programu ya kunakili mafaili iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, inaacha mafaili yakiwa mafaili. Hiyo ndiyo nguvu yake yote. Diski ya nje ikichomekwa kwenye kompyuta inayousoma mfumo wake wa mafaili, folda ziko pale kwa majina yale yale. Katibu wa ofisi anaweza kuufungua mkataba na kuutuma bila kumngoja fundi. Kurudisha terabaiti 6 kwa USB 3 kutoka diski inayotoa megabaiti 150 kwa sekunde ni saa 11, na mafaili yakiwa madogo madogo kwa mamilioni ni zaidi ya hapo. Kupitia mtandao wa ndani, kwa megabaiti 110 hivi kwa sekunde, ni saa 15.

Hatari yake ni utiifu. Ukiiendesha na `--delete`, kilichofutwa kwenye seva leo kinafutwa na kwenye bekapu usiku. Mafaili yakifungwa na kirusi, yaliyofungwa ndiyo yatakayoandikwa juu ya yale mazima. Dawa ipo: `--link-dest`, au rsnapshot inayoitumia njia hiyo hiyo, inakupa folda ya kila siku huku faili lisilobadilika likihifadhiwa mara moja tu. Anayetumia rsync bila kutunza siku za nyuma ana kioo cha seva yake, na kioo huonyesha majeraha pia.

Skripti za bekapu nazo ziheshimiwe kama programu nyingine yoyote. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, skripti ya bekapu ya kompyuta yao kuu ilirekebishwa wakati ile ya awali bado inaendeshwa, ikaishia kufuta takriban terabaiti 77, mafaili kama milioni 34. Kifaa cha kulinda ndicho kilichofuta. Kwa skripti yako ndogo yenye `--delete`, angalau iendeshe kwanza kwa `-n` uone ingefanya nini, na iweke sharti la kusimama iwapo folda ya kutoka au ya kwendea haipo. Diski ya nje isipokuwa imechomekwa, rsync itaandika kwenye folda tupu ya seva hiyo hiyo na kukuripotia kwamba kazi imekamilika.

restic na BorgBackup (Borg kwa kifupi), nazo ni programu za bekapu, zinafanya kinyume. Zinayakata mafaili vipande, kila kipande kinahifadhiwa mara moja, vyote vinasimbwa, na kila usiku unakuwa na tarehe yake. Usiku wa kwanza ni terabaiti 6 zote, zinazofuata ni mabadiliko tu. Kwa video, usitegemee muujiza wa kubana, maana zimekwisha kubanwa na kamera. Faida ni kutunza miezi ya tarehe za nyuma bila kujaza diski. Faili moja likipotea, `restic mount` inakufungulia tarehe zote kama folda, unalichukua la Jumanne iliyopita, dakika chache umemaliza.

Baina ya hizi mbili, restic inaendeshwa pia kwenye Windows na inazungumza moja kwa moja na hifadhi za wingu. Borg inapenda SSH (njia salama ya kuingia seva ya mbali) na inataka Borg nyingine upande wa pili, na Windows si nyumbani kwake. Zote mbili zinaweza kuwekwa katika hali ya kuongeza tu: restic kupitia rest-server (programu yake ya upande wa kupokea) yenye `--append-only`, Borg kupitia hali yake ya jina hilo hilo. Hapo seva iliyotekwa inaweza kuongeza takataka, lakini haiwezi kuzifuta tarehe za nyuma. Kwa kirusi cha kudai fidia sijui kinga nyingine ya bei rahisi inayofikia hiyo.

Basi rsync au restic? Jiulize siku hiyo nani atakuwa ofisini. Kama fundi wako yuko mkoa mwingine na hakuna anayejua kuandika amri, bekapu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifungua ina thamani kubwa kuliko yenye akili nyingi. Kama yupo mtu wa mfumo, hata wa kupiga simu tu, chagua restic. Na nywila ya restic ikipotea hakuna wa kumlilia, si mtengenezaji wala nani.

Hifadhidata isinakiliwe kama faili la kawaida wakati inafanya kazi, kwa njia yoyote kati ya hizi. Itoe kwanza kwa `mysqldump` au `pg_dump`, kisha nakili kilichotolewa.

Snapshoti za ZFS

Kama kundi lako ni la ZFS, mchezo unabadilika. Snapshoti, yaani hali ya data zote kama zilivyokuwa wakati fulani, inachukuliwa papo hapo, hata kila saa, na haili nafasi mpaka data zibadilike. Folda ikifutwa saa nne asubuhi, ya saa tatu ipo. Kirusi kilichoingia kwenye laptopu ya mhasibu na kuyafunga mafaili kupitia folda ya pamoja hakiwezi kuzigusa snapshoti, kwa kuwa hakina mamlaka juu ya seva. ZFS pia inakagua uzima wa kila bloku inayosomwa, na `zpool scrub` ya kila mwezi inavumbua uozo kabla hujauhitaji huo mkanda wa harusi wa mwaka juzi.

Ila snapshoti inakaa kwenye diski zile zile. Inakuwa bekapu pale tu inapopelekwa kwenye mashine nyingine kwa `zfs send` na `zfs receive`, au kwa syncoid inayozirahisisha amri hizo. Hapo ZFS inawazidi wote waliotangulia: haipiti faili moja moja kutafuta kilichobadilika, inajua tayari bloku zipi ni mpya, na kwa seva yenye mafaili mamilioni tofauti hiyo ni ya saa nzima dhidi ya dakika. Kurejesha nako kunarudisha kila kitu na snapshoti zake za nyuma.

Gharama yake ni kwamba lazima uanze nayo. Huwezi kuivisha RAID 5 ya mdadm iliyojaa. Itakubidi uhamishe data zote, uzijenge diski upya, uzirudishe. Na upande wa pili unataka mashine nyingine yenye ZFS. Anayeanza leo na mwenye pesa ya mashine mbili ndogo, hii ndiyo njia ningemshika mkono kumpeleka.

Wingu

Fanya hesabu kabla ya kujisajili. Megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5. Terabaiti 6 zitachukua siku 28 kupanda, laini ikiwa haipumziki na hakuna mwingine anayeitumia. Kushuka kwa megabiti 50 ni siku 11. Hizo siku 11 ndizo bei halisi ya wingu siku ya msiba, na hazimo kwenye orodha ya bei.

Ada yenyewe si ya kutisha. Hifadhi ya wingu ya Backblaze B2 ilipandisha bei Oktoba 2023 kutoka dola 5 hadi dola 6 kwa terabaiti kwa mwezi, na kwa bei hiyo data zote hizi zilikuwa dola 36. Shida ni njia ya kufika huko. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na watu wa Tanzania, Kenya na majirani walikaa siku kadhaa na intaneti ya kukwamakwama. Aliyekuwa na bekapu moja tu, iliyoko ng'ambo, angengoja.

Kwa hiyo wingu nalipa kazi ndogo na muhimu: vitabu vya hesabu, mikataba, hifadhidata, kazi zilizokamilika ambazo mteja anaweza kuziulizia miaka mitano ijayo. Gigabaiti 300 zinapanda kwa saa 33 na kushuka kwa saa 13 hivi, na hilo linavumilika. Zisimbwe kabla ya kuondoka, restic inafanya hivyo yenyewe. Kama kuna taarifa za wagonjwa au wateja, ziangalie na sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya 2019, na zote zina masharti kuhusu kuzihamishia taarifa hizo nje ya nchi.

Usidhani pia kwamba wingu haliungui. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la SBG2 la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na waliokuwa wameweka seva na bekapu mahali pamoja walipoteza vyote viwili.

Tepu nitaipitia haraka. Tepu ya aina ya LTO-8 inabeba terabaiti 12 kabla ya kubana, inaandika kwa kasi ya megabaiti 300 na zaidi kwa sekunde, na ikishatolewa kwenye mashine hakuna kirusi kinachoifikia. Lakini mashine yake ni ghali mno kwa seva moja. Ni ya vituo vya televisheni, benki na hifadhi za nyaraka.

Ningechagua nini

Kwa seva niliyoieleza, yenye mdadm na isiyoweza kubadilishwa leo: picha ya sehemu ya mfumo mara moja kwa mwezi na kila kabla ya sasisho kubwa, restic kila usiku kwenda kwenye kompyuta ya pili chumba kingine, katika hali ya kuongeza tu, diski mbili za nje za rsync zinazopokezana, moja ikiwa kila mara nje ya jengo, na zile gigabaiti 300 kwenye wingu. Inaonekana nyingi, lakini inayodai mkono wa mtu kila wiki ni diski za nje peke yake, na kompyuta ya pili inaweza kuwa ya zamani yenye diski moja kubwa.

Pesa ikitosha kitu kimoja tu, nunua diski mbili za nje na utumie rsync yenye tarehe. Usinunue diski ya tano ya kuongeza kwenye RAID. Itaongeza nafasi, haitaongeza nakala.

Kwa Windows yenye programu nyeti za ofisi, Veeam Agent kwenda kwenye NAS au diski ya nje, na yale muhimu kwenye wingu. NAS hiyo iwe na nywila isiyotumika kwingine, na folda ya bekapu isiwe imeunganishwa kama diski ya kawaida kwenye kompyuta za wafanyakazi.

Kujaribu

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walipogeukia bekapu zao waligundua `pg_dump` ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya toleo lisilolingana, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na snapshoti iliyochukuliwa kwa kazi nyingine saa sita kabla. Hao ni watu ambao seva ndiyo kazi yao.

Kwa ofisi yako, kila robo mwaka chagua folda tatu bila kupanga: moja ya wiki hii, moja ya mwaka jana, moja ya zamani kabisa. Zirejeshe kwenye kompyuta ambayo si seva, kisha fungua mafaili yenyewe. Video ichezwe hadi mwisho, hesabu zifunguliwe ndani ya programu yake. Kwa restic ongeza `restic check --read-data-subset=5%`, ambayo inasoma sehemu ya data halisi badala ya kutazama orodha tu. Andika muda uliotumika, kwa sababu ndio utakaomwambia mkurugenzi atakapouliza kazi itarudi saa ngapi.

Halafu mpe mtu mwingine afanye jaribio hilo wewe ukiwa kimya pembeni, akiwa na karatasi ya maelekezo peke yake. Atakapokwama ndipo karatasi ilipopungua. Nywila ya restic, ufunguo wa LUKS na akaunti ya wingu viandikwe kwa mkono, vitiwe kwenye bahasha mbili, moja kabatini kwa mkurugenzi na nyingine nje ya jengo, na kila nywila ikibadilishwa bahasha zote mbili zibadilishwe siku hiyo hiyo.